Kisima Kinachopumua

Kisima kilianza kupumua mchana kweupe, Demetria akiwa anaanika kanga.

Kwanza alidhani nyoka. Akaacha kanga inaning'inia upande mmoja kwenye kamba, akachukua reki, akanyata mpaka kwenye lile bomba la plastiki lililotokeza ardhini kimo cha goti. Nyoka hakuna. Sauti ilikuwa inatoka humohumo bombani, haaaa, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni akakaa chini. Akaweka kiganja juu ya bomba. Hewa ikampuliza, ya ubaridi, ina harufu ya mtungi mpya. Akautoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hope! Ingia ndani!"

"Mama, kuna nini?"

"Nimesema ingia ndani!"

Basi tangu siku hiyo nyumba ile ya Kibamba haikukaa tena kama zamani. Mume wake Demetria, Revelian, ni mjiolojia, mtu wa miamba na udongo. Ukiniuliza mie kazi yenyewe ni nini, nitakwambia fundi cherehani anaijua nguo kwa upande wa ndani, na mjiolojia anaijua ardhi vivyo hivyo. Amewatafutia watu maji kuanzia Mlandizi mpaka Kimbiji, lakini kwake mkewe alikuwa ananunua maji ya madumu kwa wasukuma mkokoteni. Mganga hajigangi. Sasa ndo kwanza mtambo ulikuwa umekuja kwake, ukachimba, maji yakapatikana chini kabisa, matamu, na Demetria akapiga vigelegele.

Tatizo lilianzia kwenye namna ya kuchimba. Mtambo ukitema udongo, mjiolojia haumwagi ovyo. Anaupanga chini vichungu vichungu kwa mstari, wa juu kwanza, wa chini mwisho, ili aisome ardhi. Halafu anachota kidogo anatia mdomoni, anatafuna. Ukikwaruza meno ni mchanga, ukiteleza kama siagi ni mfinyanzi. Ndiyo kazi, wamefundishwa hivyo. Lakini majirani waliochungulia ukutani waliona vichungu vimepangwa kama makaburi ya vichanga, na mwenye nyumba kachuchumaa katikati anakula udongo wake.

Aliyekuwa wa kwanza kuuliza ni Loveness, jirani wa ubavuni, mama mmoja wa maandazi mwenye mdomo usiojua Jumapili.

"Mama Hope, shemeji anatafuta mali za Mjerumani nini?"

"Anatafuta maji."

"Maji ndo yanatafunwa?"

Demetria akacheka siku ile. Alivyokuja kusikia kisima kinapumua, kicheko chenyewe akakikumbuka kwa ubaya.

* * *

Jioni Revelian aliporudi, buti zimejaa tope jekundu, alimkuta mama yake, Ma Clara, kaburuta kiti cha kamba mpaka pale kisimani. Mama huyu walimleta kutoka Muleba baada ya mumewe, Ta Edgar, kufariki. Alikuja na kifurushi kimoja cha nguo na kimoja cha amwani, ile kahawa ya kuchemsha na kukausha ambayo watu wa kwao humtafunisha mgeni kabla hawajamuuliza shida iliyomleta. Tangu aje alikuwa haongei sana. Lililokuwa likimsumbua alilisema mara moja tu: amemwacha mzee peke yake kule migombani alikozikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo umsikilize baba yako."

"Nani?"

"Edgar. Mchana kutwa alikuwa anatoa pumzi. Sasa hivi anavuta. Si unakijua kile kifua chake?"

Revelian akainama. Kweli, sasa bomba lilikuwa linavuta. Kulikuwa na mluzi kidogo ndani yake, ule wa kifua kilichobana, na nywele za mikono yake zikasimama kabla akili haijafika. Akili ilipofika akacheka.

"Mama, hii ni hewa. Huko chini tumepita mchanga mkavu, mnene, una matundu kama sponji. Hewa ya juu ikiwa nzito inajisukuma kuingia. Ikiwa nyepesi, ya chini inatoka. Kila siku ndivyo ilivyo, asubuhi mpaka alasiri inatoka, jioni inarudi. Ardhi yote inafanya hivyo. Sie hapa tumeitoboa pua tu."

"Nimekusikia," akasema Ma Clara. "Wewe ndiye uliyesoma." Akaweka punje mbili za amwani kwenye ukingo wa saruji, pembeni ya bomba, kama unavyomwekea mgeni.

Demetria alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko, mikono kiunoni. "Baba Hope, kizibe."

"Nizibe maji? Una wazimu?"

"Kizibe. Mie sijaolewa na kisima."

* * *

Revelian hakukiziba. Alijaribu kukifunika na kifuniko, kikawa kinapiga filimbi mtaa mzima unasikia. Maneno yakaanza. Mara jini, mara freemason, mara kuna mtu alizikwa pale na hakuombewa. Watoto waliokuwa wanakuja na ndoo wakaacha. Loveness akamwambia Demetria njiani, mbele za watu, "Usinielewe vibaya dada, lakini sie maji ya marehemu hatunywi."

Kilichomchoma Demetria zaidi ni jumuiya ya kanisani. Ilikuwa zamu yao kusalisha nyumbani. Akapika chai ya tangawizi sufuria kubwa, akajaza maandazi beseni, akakodi viti, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza na msalaba juu yake. Wakakaa wao watatu na bibi, wanaangalia geti. Baadaye akapita mtoto wa mwenyekiti kusema jumuiya imehamia kwingine, mama anasema samahani. Hope akauliza, "Kwa hiyo maandazi yote haya tule sie?" Demetria akaanza kukunja kitambaa. Na kule uani kisima kikawa kinavuta pumzi taratibu, kama mgeni pekee aliyefika.

Hapo ndipo Revelian alipoamua kuwaonyesha watu. Msomi akishatukanwa, ugonjwa wake ni huo, anataka kuonyesha. Jumamosi akawaita majirani uani mwake, akachukua glavu ya mpira, zile anazoshikia udongo wa maabara, akaifunga kwa kamba kwenye mdomo wa bomba. "Sasa mtaona," akasema. "Hamna jini wala nini. Ni hewa inajaa, kama puto."

Glavu ikalala kwanza, imenyong'onyea. Halafu kidole kimoja kikatikisika. Kikanyooka. Cha pili. Kiganja kikavimba, mkono mzima ukainuka polepole kutoka ardhini, mweupe, vidole vitano vimetanuka, ukasimama ukipepesuka kidogo. Ungesema mtu anasalimia.

"Mmeona?" akauliza Revelian, anatabasamu.

Wameona! Mzee mmoja aliacha kandambili zake pale na hakurudi kuzichukua. Loveness alipiga ukelele uliowatoa watu kwenye baa ya barabarani. Walipokwisha kutawanyika wote, akabaki Ma Clara peke yake, kaketi kwenye kiti chake cha kamba. Akanyanyuka taratibu, akaushika ule mkono wa mpira, akaupa heshima yake, akakaa tena.

Demetria akaingia ndani akajifungia chumbani kulia.

* * *

Basi ikabidi banda. Revelian akamwita fundi, wakajenga kichumba cha matofali kuzunguka kisima, bati juu, mlango wa chuma, dirisha hakuna. Sauti isitoke, watu wasahau. Komeo moja akaliweka nje. La ndani akaliweka juu kabisa, Hope asije akajifungia. Na kweli mtaa ukatulia. Kelele ikabaki mle ndani, ukitaka kuisikia mpaka uweke sikio kwenye chuma.

Wiki hiyohiyo kuku akakutwa amekufa mle ndani, miguu juu.

"Haya," akasema Demetria. "Na huyu ameuawa na hewa yako?"

"Kideri hicho. Si unajua msimu huu kuku wanakufa."

"Kideri cha kuku mmoja?"

"Kimeanza na mmoja."

Jibu alikuwa nalo. Huyu bwana majibu hayakuwaga yanampungukia, na mie nadhani hiyo ndo iliyokuwa shida yenyewe.

Ma Clara akahamishia kiti chake ndani ya banda. Kila asubuhi akishakunywa uji anakwenda na mkongojo wake na kikapu cha amwani, anakaa kidogo, anatoka. Mwanzoni aliuacha mlango wazi. Demetria akamwomba, kwa adabu, "Mama, watu wanachungulia. Watasema." Bibi akaelewa. Akawa anaufunga mlango, anasukuma komeo la juu kwa ncha ya mkongojo.

Siku moja Demetria alipita na beseni la nguo, akasikia anaongea kikwao. Akasimama. Bibi anauliza kitu, ananyamaza. Kisima kinatoa pumzi, ndefu. Kinakata. Bibi anacheka, kile kicheko cha mwanamke akitaniwa na mumewe, anasema tena. Kinamjibu. Demetria aliondoka pale na beseni lake, nguo akazisahau kuanika, na hakumwambia mtu.

Mchana ule Ma Clara alitoka anaumwa kichwa, akalala mpaka jioni. Akapewa panadol.

* * *

Siku ya tukio Revelian alikuwa Kimbiji, kwenye shamba la bwana Zoeb, mfanyabiashara wa vyuma anayetaka kujenga nyumba ya mapumziko. Kulikuwa na kisima cha zamani cha kuchimba kwa mkono, kimekauka, bwana Zoeb anataka kishushwe zaidi. Mchimbaji, Lusungu, alikuwa keshavua shati, miguu inaning'inia shimoni.

"Subiri," akasema Revelian. "Koroboi iko wapi?"

Bwana Zoeb akatazama juu. "Injinia, jua lote hili unataka taa?"

"Mtu hashuki kisimani kwangu bila koroboi kutangulia."

"Sie tulikuwa tunauza koroboi dukani kwa marehemu baba, Mungu amrehemu. Ningejua ningekuletea katoni."

Wakacheka. Koroboi ikaletwa kutoka kwenye kibanda cha mlinzi, ikawashwa, ikafungwa kamba, ikateremshwa. Ulimi wa moto ukaenda vizuri tu, wa njano, unapungua udogo kadiri unavyoshuka. Halafu ukafa. Haukupepesuka wala haukuvuma upepo. Ulifumbwa tu, kama jicho.

"Ayaa," akasema Lusungu, akainua miguu.

"Umeona?" Revelian akaanza somo lake, lile analowapaga wachimbaji wote. "Moto ukifa, na wewe unakufa. Hewa ya chini inakaa gizani miaka, inaishiwa uhai. Haina harufu mbaya, haikuumizi, unasikia usingizi tu. Ndiyo maana ukiona panya au kuku amekufa penye shimo usiseme ni..."



"Usiseme ni nini?" akauliza bwana Zoeb.

Revelian alikuwa anaangalia upande wa mjini. Wingu lilikuwa limesimama huko, jeusi, zito, la mvua ya asubuhi ambayo haijaamua. Mvua ikijikusanya hewa ya juu inalegea. Na ya juu ikilegea, ya chini inatoka, inatoka kwa nguvu kuliko siku zote. Alikuwa anayajua hayo. Alikuwa amemweleza mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Sema alichomweleza ni kwamba hewa inatoka. Hewa gani, hakujiuliza, kwa sababu alikuwa na haraka ya kusema siyo jini. Na ni yeye aliyeijengea ukuta.

Akampigia Demetria. Simu imezimwa, yupo kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa Hope. Mama yake simu hana. Kutoka Kimbiji mpaka Kibamba ni kuvuka jiji zima. Akapekua majina kwa kidole kinachoteleza jasho, mpaka pale alipokuwa ameandika "Loveness Maandazi".

"Haloo? Baba Hope? Mie maji kwenu sichukui, msinidai."

"Loveness, nisikilize. Uko nyumbani?"

"Nakaanga."

"Acha. Nenda kwangu, kafungue banda la kisima. Mama yangu yumo."

Mafuta yakasikika yakichemka kwenye kikaangio.

"Mie? Banda lile? Baba Hope umelewa?"

"Atakufa, Loveness. Komeo la ndani liko juu, chukua nyundo, chukua shoka, vunja. Usiingie. Vuta pumzi ukiwa nje, ubane, mkamate umburute. Usiiname mle ndani."

"Kwa hiyo kweli kuna kitu."

Bwana Zoeb na Lusungu walikuwa wanamtazama. Revelian akafumba macho. "Kipo."

"Kitu gani?"

"Hewa mbaya."

"Na sie tulisemaje? Tulisemaje sie?" Lakini sauti yake ilishaanza kuhema, na kandambili zake zikasikika zinapiga chini, pa, pa, pa. "Ee Bwana Yesu. Ee damu ya Yesu. Nafungua geti... Baba Hope, usikate simu, ukikata narudi."

"Sikati."

Akaisikia. Kwa simu, kutoka upande wa pili wa jiji, aliisikia ile pumzi inatoka, haaaa, nzito, haina mwisho. Haikuwa ya nyuma ya mlango wa chuma. Ilikuwa wazi, karibu. Kandambili zikasimama.

Halafu akamsikia Loveness anabadilisha sauti, ameishusha, ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo mzee. Naomba nipite."

Na baada ya hapo vurugu, simu imeanguka, kitu kinaburutwa, Loveness anakohoa, anapiga kelele kuita watu.

* * *

Ma Clara hakufa. Revelian alipofika zahanati, bwana Zoeb mwenyewe akiwa ndiye aliyemwendesha na kupitia njia zote za mkato anazozijua, alimkuta kakaa kitandani, mdomo umerudia rangi yake, anamlaumu nesi kwamba drip inambana. Daktari kijana akasema, "Mlango ungekuwa umefungwa, mzee, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Kilichomsaidia ni kwamba ulikuwa wazi, hewa ikawa inaingia." Kuku wawili waliomfuata bibi ndani walikutwa wamelala miguuni pa kiti chake.

Revelian akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama, nisamehe. Niliambiwa na kuku nikasema kideri."

"Inuka, suruali inachafuka."

"Ila umefanya jambo la maana sana kuacha mlango wazi."

Ma Clara akamwangalia. "Mie nimefunga. Nimesukuma komeo kwa mkongojo kama siku zote."

"Basi ulifungua baadaye, ukasahau. Mtu akikosa hewa anasahau."

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Loveness alikuwa amekaa kwenye benchi ya korido, unga bado umemganda mikononi. Demetria, aliyekuja mbio kutoka shuleni na kiatu kimoja kimekatika mkanda, alikuwa amemshika bega, na wote wawili walikuwa wanalia kisha wanacheka kisha wanalia. Revelian akamshukuru mpaka maneno yakaisha. Halafu akamuuliza, kwa sauti ndogo, lile alilokuja nalo tangu Kimbiji.

"Ulimwamkia nani pale?"

"Pale wapi?"

"Mlangoni kwa banda."

"Si yule mzee wenu." Loveness akajifuta pua kwa upande wa kanga. "Mwenye koti. Alikuwa kaushikilia mlango kwa mkono, anahema huyo, kifua kinapiga mluzi. Nikajua naye kapata ile hewa. Nilivyomtoa mama nikageuka nimtoe na yeye, nikaona keshaondoka. Si baba yako mdogo? Mmemwacha wapi, na mgonjwa vile?"

Demetria akautoa mkono kwenye bega la Loveness. Revelian akageuka kutazama mlango wa chumba alicholala mama yake.

* * *

Banda walilivunja kesho yake, tofali kwa tofali, na majirani wakaja kusaidia, maana hewa mbaya ni kitu ambacho mtu anaweza kukielewa na kukiogopa bila aibu. Yule mzee alikuja kuchukua kandambili zake. Loveness alileta ndoo, akasema anachukua ya kufulia tu kwanza.

Walipoondoka ilikuwa alasiri, ule wakati kisima kinapokata, hakitoi wala hakivuti, kimya kabisa. Revelian akaenda peke yake. Mfukoni alikuwa na punje moja ya amwani aliyoitoa kwenye kikapu cha mama yake. Akaiweka kwenye ukingo wa bomba. Akaangalia nyuma kama kuna mtu, akainama, akatoa kwa Kihaya ile salamu ambayo mtoto humpa baba yake, na ambayo hakuwahi kuifikisha msibani, kwa kuwa siku wanamzika Ta Edgar yeye alikuwa porini na mtambo.

Akasubiri. Upepo ukageuka. Bomba likaanza kuvuta, kidogo kidogo, kwa mluzi. Punje ikatikisika pale ukingoni, ikabingirika, ikaingia.

Kina cha kile kisima alikuwa anakijua kuliko mtu yeyote. Alijua kitu kikidondoka kinachukua muda gani mpaka kugusa maji. Akatega sikio, akangoja. Muda ukafika, ukapita. Akaendelea kungoja, hakuna kilichogusa maji.

"Imepokelewa," akasema Ma Clara nyuma yake. "Njoo tule."